Gando Huvunjwa, Kaa Hurudishwa: Kisa cha Joe's Stone Crab, Miami Beach

Kati ya mwaka 1986 na 1990, mgahawa wa Joe's Stone Crab ulioko Miami Beach, Florida, uliajiri wahudumu wapya wa meza 108. Wote walikuwa wanaume. Hapakuwa na kanuni iliyoandikwa ya kuwakataa wanawake, wala tangazo mlangoni. Tena nyumba yenyewe ni ya ukoo wa Weiss, na kwa sehemu kubwa ya historia yake wanawake wa ukoo huo ndio waliokuwa na neno la mwisho: wenye mali walikuwa wanawake, na wasimamizi kadhalika.

Nimekichagua kisa hiki kwa sababu tunapozungumza juu ya biashara za kifamilia huwa tunasifu mila ya nyumba. Baba alifanya hivi, bibi alifanya hivi, nasi tunaendelea. Joe's ina zaidi ya miaka 100 na imeishi kwa mila kweli kweli. Lakini mila hizo hizo zilizouhifadhi mgahawa ndizo zilizoufikisha mahakamani, na kesi ikachukua zaidi ya miaka 10. Nataka tuone kwa nini baadhi ya mila za nyumba ile zilirekebishwa mapema na kila mtu akazikubali, na moja ikaachwa hadi serikali ilipobisha hodi.

Pumu

Joe Weiss alizaliwa Hungary, akahamia New York, na huko alikuwa mhudumu katika migahawa midogo. Alikuwa na pumu. Madaktari wakamwambia dawa pekee ni kubadili hali ya hewa. Mwaka 1913 akakopa dola 50 kwa dhamana ya bima yake ya maisha, akamwacha mkewe Jennie na mtoto wao Jesse, akashuka Florida. Usiku wake wa kwanza mjini Miami kifua hakikufunguka. Akapanda kivuko kuvuka ghuba ya Biscayne hadi ule ulimi wa mchanga ng'ambo ya pili, na kule akavuta pumzi vizuri. Akabaki.

Ng'ambo hiyo ndiyo Miami Beach ya leo, ila wakati ule haikuwa mji. Palikuwa na mikoko, mbu, mchanga, na mradi wa kilimo wa mzee mmoja aitwaye John Collins aliyejaribu kupanda maparachichi. Daraja la mbao la Collins lilifunguliwa mwaka huo huo wa 1913, na mji ukasajiliwa rasmi mwaka 1915. Joe alianza na kaunta ya chakula cha mchana kwenye nyumba ya waogeleaji, akiuza samaki na viazi kwa watu waliokuja kuoga baharini na kurudi kwao jioni. Jennie na Jesse wakamfuata. Mwaka 1918 wakanunua nyumba ndogo, wakaishi humo humo, na barazani wakapanga meza saba au nane. Simulizi ya familia inasema Joe alipika na Jennie akahudumu mezani. Msomaji alishike hilo la Jennie, maana nitalirudia.

Ukoo wa Weiss unahesabiwa kuwa familia ya kwanza ya Kiyahudi kufanya makazi Miami Beach. Miaka iliyofuata, sehemu kubwa ya ardhi ya mji iliuzwa kwa hati zilizokataza kuwauzia Wayahudi, nao wakabanwa upande wa kusini wa Barabara ya Tano. Joe's iko upande huo hadi leo. Na chakula kilichoujengea mgahawa huo jina, kaa, ni haramu katika sheria ya vyakula ya Kiyahudi. Sisi wa pwani hilo halitushangazi sana. Kaa kwetu nako ana mjadala wake wa kifiqhi, wapo wanaomla na wapo wasiomgusa, na bado sokoni hakosekani.

Gunia la mwaka 1921

Kwa miaka minane ya kwanza Joe hakuuza kaa kabisa. Aliuza samaki wa kawaida: changu, makrili, pompano. Kaa wa mawe, yule ambaye wanasayansi humwita Menippe mercenaria, alijaa ghubani kote lakini hapakuwa na mgahawa uliompika. Mwaka 1921 mtafiti wa samaki kutoka Harvard, aliyekuwa Miami kwa ajili ya jumba la viumbe wa baharini lililojengwa na tajiri James Allison, akamuuliza Joe kwa nini hampiki kaa huyu. Joe akajibu kwamba hapana mtu atakayemla. Siku nyingine mtafiti akaja na gunia la juti limejaa kaa hai. Wakawatumbukiza kwenye maji ya moto.

Kaa walikuwa na harufu kali ya ayodini, na hapo wengi wangemwaga sufuria. Familia ikagundua kwamba akichemshwa kwanza halafu akapoozwa vizuri, ile harufu inaondoka na nyama inakuwa tamu. Utaratibu wenyewe haukubali kugeuzwa. Ukilipooza gando likiwa bichi, nyama inagandamana na gamba na hutaitoa bila kuichana. Kwa hiyo lazima lichemshwe mara tu linapotoka baharini, ndipo liwekwe barafuni. Kwa sababu hiyo gando la kaa wa mawe hufika mezani likiwa baridi, limekwisha kupasuliwa kwa nyundo ya mbao, pembeni kibakuli cha mchuzi wa haradali, viazi vya kukaanga na kabichi iliyokatwa nyembamba. Senti 75 ndiyo ilikuwa bei ya mwanzo, kwa kaa wanne au watano. Leo sahani moja ya magando makubwa inaweza kumtoa mtu zaidi ya dola 100.

Mara nyingi wanaosimulia historia ya mgahawa huu hukaa zaidi kwenye orodha ya wageni mashuhuri. Walikuwepo kweli: Al Capone alikula pale akijiita Al Brown, na J. Edgar Hoover, mkuu wa FBI, naye alikuwa mteja. Hainisaidii sana katika uchambuzi huu. Mji wowote wa anasa una orodha yake ya namna hiyo.

Bahari inavyokemea

Tuingie kwenye chombo cha mvuvi, kwa sababu huko ndiko mila ya kwanza ya nyumba ilikotokea.

Dema la kaa wa mawe ni boksi la mbao au plastiki lenye sakafu ya zege ili lisihamishwe na mkondo. Chambo kikubwa ni miguu ya nguruwe, maana inadumu majini. Mvuvi analipandisha, anamtoa kaa, anamshika kwa nyuma kwa glavu nene. Gando moja ni la kuvunjia, nene kama ngumi. Jingine ni la kukatia, jembamba zaidi. Magando haya mawili hufika karibu nusu ya uzito wa kaa mzima. Mvuvi anapima kwa kipimo cha chuma, na likifikia kiwango analivunja kwa mkunjo mmoja wa haraka. Akivunja penye kiungo, utando wa ndani hujifunga na damu ikakatika. Akivunja ovyo, nyama inang'oka na mwili na kaa hafiki jioni. Kisha kaa anarudishwa baharini. Jike mwenye mayai haguswi kabisa.

Gando huota tena, ila si haraka. Kaa wa ukubwa huo hujivua gamba takriban mara moja kwa mwaka, na gando jipya hurudi kidogo kidogo kila anapojivua. Kwa ndani ya gando kuna mistari myembamba inayofanana na alama ya kidole gumba, na kwenye gando lililoota upya mistari hiyo huwa imekatikakatika. Anayeijua kazi hii hutambua kwa mtazamo mmoja kama kaa huyu alishawahi kupita mikononi mwa mtu.

Sitaki kupamba mambo. Habari ya "kaa anayevunwa bila kuuawa" hupendwa sana na wauzaji, lakini utafiti uliofanywa miaka ya 1970 ulikuta karibu nusu ya kaa waliovunjwa magando yote mawili wanakufa, na waliovunjwa moja zaidi ya robo. Sheria ya Florida bado inaruhusu kuvunja yote mawili yakifikia kipimo. Kaa aliyenyang'anywa yote mawili hana cha kumvunjia chaza wala cha kujihami. Katika jambo hili mimi niko upande wa wanaosema gando moja litoshe.

Kilicho muhimu kwa kisa chetu ni msimu. Uvunaji unaanza Oktoba 15. Kwa miaka mingi ulifungwa Mei 15. Mwaka 2020, baada ya miaka mingi ya uvunaji kupungua, jimbo likaufunga Mei 1 na kuongeza kipimo cha chini cha gando hadi inchi 2⅞, yaani milimita 73 hivi. Joe's ikaujenga mwaka wake mzima juu ya kalenda hiyo. Kwa vizazi, msimu ulipofungwa na mgahawa ulifungwa: jengo kubwa, eneo la bei ya juu kabisa, mlango umefungwa kiangazi kizima. Wapishi na wahudumu walitawanyika, Oktoba wakarudi. Na kwa miongo mingi hapakuwa na kuhifadhi meza. Ukitaka kula ulisimama kwenye foleni, uwe hakimu au dereva.

Wavuvi wa pweza katika vijiji vya Unguja na Pemba ambao hufunga miamba yao kwa miezi kadhaa watauelewa ugumu huu kuliko mtu yeyote wa Miami. Kufunga ni njaa kwanza, faida baadaye. Tofauti ni kwamba kijiji hufunga kwa makubaliano ya wote, ilhali mgahawa ulifunga kwa sababu ukoo mmoja ulikataa kuuza kitu kingine kwa jina la gando. Baadaye familia ikaingia hata kwenye uvuvi wenyewe: inamiliki kituo cha samaki cha Keys Fisheries huko Marathon, kwenye visiwa vya Florida Keys, ili magando yapatikane kwa mpango na kuchemshwa papo hapo.

Mila hizi zote, gando peke yake, kuchemsha kwanza, kufunga kiangazi, zina kitu kimoja kinachofanana. Ukizikosea, unajua haraka. Ukipooza kabla ya kuchemsha, sahani inarudi jikoni. Ukivua bila msimu, askari wa uvuvi anakukamata, na ukiponyoka, mwaka unaofuata dema linatoka tupu. Bahari ina namna ya kukemea ambayo hata mrithi mkaidi anaisikia.

Sinia

Sasa turudi kwenye wale 108.

Mgahawa unaofungwa kila mwaka lazima uajiri kila mwaka. Joe's ilikuwa na siku yake, Oktoba, kabla ya msimu kufunguliwa. Waliotaka kazi walikuja siku hiyo moja kwa mwito wa wazi. Walijaza fomu, wakahojiwa mmoja mmoja, na waliopita wakafanyiwa jaribio la sinia: unapakiwa sinia zito la vyombo, unalinyanyua, unatembea nalo. Waliofaulu walifuatana na mhudumu mzoefu kwa siku tatu za mafunzo. Ilikuwa kazi yenye bakshishi nono, na wengi walioipata hawakuiacha hadi uzeeni.

Anayeamua alikuwa msimamizi wa ukumbi. Vigezo vyake vilikuwa vinne: mwonekano, usemaji, mtazamo na uzoefu. Uzoefu unaweza kuusoma kwenye karatasi. Vitatu vilivyobaki viko kwenye jicho la mtu mmoja, na jicho hilo lilikuwa limezoea kuona mhudumu wa Joe's akiwa mwanamume mwenye suti nyeusi na tai ya kipepeo. Picha hiyo ilichotwa kwenye migahawa ya kifahari ya Ulaya ya zamani, ambako kuhudumiwa na wanaume kulihesabiwa kuwa alama ya hadhi. Kuanzia miaka ya 1950 wahudumu pale walikuwa karibu wote wanaume. Wanawake walikuwepo nyumba nzima, jikoni, kwenye mauzo, ofisini, hadi kwenye umiliki. Ukumbini tu, palipo na bakshishi, hawakuonekana.

Mwaka 1991 Tume ya Fursa Sawa za Ajira ya Marekani ikafungua shauri, na baadaye kesi ikaenda mahakamani. Mwaka 1997 jaji wa shirikisho akaona mgahawa una hatia kwa hoja hii: utaratibu wa kuajiri, hata bila nia mbaya, ulikuwa na athari ya kuwafungia wanawake mlango. Mgahawa ukakata rufaa. Ulijitetea kwamba wanawake waliokuja siku ya mwito walikuwa wachache mno, sasa uwaajiri akina nani?

Mwaka 2000 mahakama ya rufaa ikaitengua hukumu hiyo. Ikasema huwezi kuulaumu mgahawa kwa sifa iliyosambaa mjini kwamba pale huajiriwa wanaume tu. Lazima uonyeshe utaratibu mahususi uliosababisha pengo. Ila ikaongeza jambo zito: ushahidi uliopo unaelekea zaidi kwenye ubaguzi wa makusudi. Kesi ikarudishwa chini. Mwaka 2001 jaji yule yule akasema ndiyo, ulikuwa ubaguzi wa makusudi, na mwaka 2002 mahakama ya rufaa ikathibitisha sehemu ya hukumu hiyo.

Nimeitafakari sana hoja ya mwaka 2000 na sikubaliani nayo yote. Sifa ya nyumba haijitembezi yenyewe. Mwanamke mhudumu wa Miami Beach ambaye kwa miaka 40 amepita mbele ya mlango ule na kuona wanaume watupu wenye masinia, hahitaji tangazo. Atapoteza asubuhi yake kupanga foleni ya nini? Ndiyo maana siku ya mwito walikuja wachache, na uchache huo ukageuzwa kuwa utetezi. Mgahawa uliopalilia sifa ya gando kwa miaka 70 kwa uangalifu ule hauwezi kuikana sifa yake nyingine.

Kwenye sinia hapakuwa na wa kukemea. Mhudumu mwanamume anafanya kazi nzuri, mteja anaondoka ameshiba, foleni inarefuka. Hakuna dema linalotoka tupu kwa sababu mwanamke fulani hakuajiriwa. Hasara yote ilimwangukia yeye, nje ya jengo, na ndani ya jengo mahesabu yalionekana mazuri. Kizazi cha kwanza kinafanya jambo kwa sababu fulani, cha pili kwa mazoea, cha tatu kinadhani ndiyo nyumba yenyewe.

Kizazi cha tatu na cha nne

Jesse, yule mtoto aliyeletwa ng'ambo ya ghuba, ndiye aliyekuwa sura ya mgahawa kwa miongo mingi hadi alipofariki mwaka 1994, kesi ikiwa inaendelea. Binti yake Jo Ann Bass aliendesha nyumba, na mwana wa Jo Ann, Stephen Sawitz, akafuata. Mwaka 2000 jina la Joe's likafika Chicago kwa ubia na kampuni ya migahawa ya huko, kisha Las Vegas mwaka 2004, na Washington mwaka 2014. Hayo matawi yana nyama ya ng'ombe kwenye jina lao. Chicago huwezi kufunga kiangazi kizima ukisubiri Oktoba. Kodi ya jengo haijui msimu wa kaa. Kwa hiyo mila ya bahari imebaki pale ilipozaliwa, jambo ambalo kwangu ni uamuzi wa busara kuliko kuigiza msimu kwenye mji usio na bahari.

Upande wa ukumbi mabadiliko yalianza kabla hukumu yoyote haijatolewa. Kati ya 1991 na 1995, shauri likiwa limeshafunguliwa, Joe's iliajiri wahudumu 88, na 19 kati yao walikuwa wanawake. Sinia lilikuwa lile lile, na jaribio lile lile.

Na hawakuwa wa kwanza. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, jeshi lilipozifanya hoteli za Miami Beach kambi za mafunzo na wanaume wakaitwa vitani, wanawake walihudumu meza za Joe's. Vita ilipokwisha nyumba ikarudi kwa wanaume, na baada ya miaka kadhaa ikawa inaita hiyo ndiyo desturi. Kabla ya vita, kabla ya suti nyeusi, hata kabla ya gunia la kaa, aliyetoka jikoni na sahani mkononi kwenda kwenye zile meza saba au nane za barazani alikuwa Jennie.